Zablon Ndahani, Fundi wa Mota Mwenye Gitaa Linalochagua pa Kusimama

Mzee Zablon Ndahani, fundi mkuu wa kusuka mota katika Karakana ya Pampu na Mota Chisima, Kizota, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka thelathini na minane. Hiyo ni hesabu ya faili lake. Yeye mwenyewe anasema ni arobaini, kwa sababu anahesabu pia miaka miwili aliyokuwa kibarua wa kubeba mabomba kabla ya kupewa barua ya ajira. Mkewe, Mama Sidonia, anasema ni thelathini na mitano tu, maana mitatu iliyobaki aliimalizia kwenye gitaa. Nimekaa na namba hizi tatu wiki nzima nikijaribu kujua iliyo sahihi, na mwisho nimeamua kuziandika zote.

Kamati ya maagano ilinipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi ni mtunza stoo na ndiye ninayeshika funguo za kabati la faili. Mwenyekiti aliongeza kuwa walitaka mwandishi awe mtu mwenye furaha, na kwa kuwa nilifunga ndoa mwezi Aprili na fundi Joel wa karakana hii hii, kura zote ziliniangukia. Niliambiwa ukurasa mmoja unatosha. Naomba radhi mapema.

Baba Zablon alizaliwa Mvumi mwaka 1965 na kuajiriwa rasmi Julai 1987. Alipangwa chini ya marehemu Romani, aliyekuwa fundi mkuu wakati huo. Kwa wageni wasioifahamu kazi yetu, mota ya pampu ikiungua, waya wote wa shaba wa ndani hutolewa, kisha hurudishwa mpya, mzunguko kwa mzunguko, hadi mota ipate nguvu tena. Ukikosea mizunguko michache, mota inachemka na kufa upya. Romani alikuwa mkali katika hilo. Inasemekana mwaka mzima wa kwanza alimruhusu Zablon kuhesabu tu, bila kugusa waya.

Romani huyo huyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa Chisima Jazz, bendi ya wafanyakazi iliyopiga kila Jumamosi mchana katika uwanja wetu, pale yanapokaa matangi sasa. Zablon alianza kwa kubeba spika, akapanda kwenye gitaa la kujibu, na Romani alipozeeka akakabidhiwa gitaa la solo. Kwa hiyo mtu mmoja alimfundisha Baba Zablon mota na muziki, kwa miaka ile ile, kwa mikono ile ile, na ndiyo maana nashindwa kutenganisha kazi yake na gitaa lake katika maandishi haya. Nimejaribu mara mbili. Kila nikiandika aya ya mota, gitaa linaingia.

Bendi ilivunjika mwaka 1993 na vyombo vikagawanywa. Tarumbeta zilikwenda kanisani, ngoma zilikwenda shuleni. Gitaa la solo lilikuwa limekufa, halitoi sauti yoyote, hivyo hakuna aliyelitaka. Akalichukua Zablon.

Ni vigumu kulieleza gitaa hilo. Nimelitunza kwenye kabati la stoo kwa miaka minne na bado sijui niliite gitaa gani. Lilinunuliwa miaka ya sabini likiwa jekundu, kutoka nchi fulani ya Ulaya ambayo hata jina lake limeshabadilika. Kibao cha jina la mtengenezaji kilidondoka, zikabaki tundu mbili za skrubu. Kitufe cha kuongezea sauti kilipotea, pakafungwa kitufe cha feni ya darini chenye namba sifuri hadi tano. Lakini kilifungwa kinyume, kwa hiyo sifuri ndiyo kelele ya juu kabisa na tano ni kimya. Swichi yake ililegea ikashikizwa kwa kipande cha spoku ya baiskeli. Na pale mkono wa kulia unapoegemea, rangi nyekundu ilisagika mpaka mbao ikaonekana, laini kama mwiko uliozoea sufuria.

Mwanamuziki mmoja wa mjini, Iddy, aliwahi kuja na gitaa jipya linalong'aa akitaka wabadilishane. Baba Zablon alilishika, akalisifu, akalipiga kidogo, akalirudisha. "Zuri sana," alimwambia. "Lakini hili lako halina shida yoyote. Sasa mimi na lenyewe tutakuwa tunazungumza nini?" Iddy aliondoka hajui kama ametukanwa au amesifiwa.

Bendi ilipovunjika, gitaa la Baba Zablon lilikuwa halitoi sauti kwa sababu koili yake ilikuwa imekatika ndani. Koili ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, nayo hukaa chini ya nyuzi. Ndiyo sikio la gitaa la umeme. Kwa msuka mota hilo si jambo geni, na mwaka 1994 Baba Zablon aliisuka upya mwenyewe wakati wa chakula cha mchana. Hapa ndipo pana jambo ambalo wenzake hawajalielewa mpaka leo. Kwa mota za wateja alitumia kaunta, kile kifaa cha kuhesabia mizunguko, na hakupoteza hata mzunguko mmoja. Kwa gitaa alitumia karanga. Aliweka mabakuli mawili mezani, na kila alipofikisha mizunguko mia alihamisha karanga moja kutoka bakuli la kushoto kwenda la kulia.

Tatizo ni kwamba meza yake iko njiani. Kila apitaye humpa shikamoo, na Baba Zablon hawezi kumwacha mtu aliyemwamkia aondoke mikono mitupu. Alikuwa anamsogezea bakuli, mara la kushoto, mara la kulia, lolote lililokuwa karibu. Koili ilipokwisha, aliandika kikaratasi ambacho ninacho hapa stoo, kimegeuka njano: "Mizunguko 6,000 au 9,000. Inategemea nani alipita."

Koili hiyo iliimba, lakini pia ilivuma. Ukiliwasha gitaa lilivuma kama nyuki ndani ya debe, na wakati mwingine lilinasa redio. Ila ukigeuka nalo taratibu, ulifika mahali ambapo mvumo ulikatika ghafla, ikabaki sauti ya nyuzi peke yake. Mume wangu Joel amenieleza mara mbili sababu yake, kwamba koili ya namna ile hunasa umeme wa taa na transfoma kulingana na inakoelekea. Mara zote mbili nilikuwa namwangalia usoni, kwa hiyo siwezi kuwaeleza vizuri zaidi ya hapo. Ninachojua ni kwamba kila ukumbi una mahali pake. Baba Zablon alikuwa akiingia ukumbini anawasha gitaa, anazunguka polepole kama mtu aliyepotea, kisha anasimama na kusema, "Hapa ndipo linanyamaza." Kama hapo palimfanya awape watu mgongo, basi watu walipewa mgongo.

Kazi ambayo karakana inamkumbuka kwayo kuliko zote ni ya Haneti, mwaka 1996. Pampu ya kisima ilikufa katikati ya kiangazi na akina mama wakarudi kuchimba mchanga wa korongo kutafuta maji. Baba Zablon alipelekwa na jenereta, waya na vanishi, akasuka ile mota palepale chini ya kibanda cha mabua, siku saba. Siku ya nane maji yalitoka. Wanakijiji wakaandaa ngoma, naye akaunganisha kwenye jenereta amplifaya kuukuu ya bendi, aliyokuja nayo pamoja na gitaa, akawasha gitaa, akaanza kuzunguka. Mahali pa kunyamaza palikuwa panaelekea zizi la mbuzi. Akasimama hapo, mgongo kwa kijiji kizima, akapiga. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama maji yao yana harufu.

Pale alikuwepo msichana aliyempelekea uji kila asubuhi katika zile siku saba. Jina lake Sidonia. "Wimbo mzima kanigeuzia mgongo," Mama Sidonia alinisimulia jikoni kwake mwezi uliopita, akipepeta uwele. "Nikasema basi, uji wangu kaunywa bure huyu." Wimbo ulipokwisha Zablon alimfuata akitoka jasho, akamwambia alikuwa anatafuta pa kumpigia bila kelele. "Sikuelewa hata neno moja," alisema Mama Sidonia. "Lakini nilikubali." Nimeyaandika kama alivyoyasema kwa sababu nami nilipochumbiwa sikuelewa neno hata moja, na ndiyo furaha niliyonayo mpaka leo.

Wakiwa njiani kurudi, gitaa lilianguka kutoka kwenye gari na shingo ikavunjika. Baba Zablon aliiunga kwa kipande cha mpingo, akaikaza kwa bati lililotoka kwenye kifuniko kibovu cha pampu ile ya Haneti. Namba za pampu bado zinasomeka, nyuma ya shingo, hapo dole gumba linapopita.

Katika miaka yake ya kuwa fundi mkuu amefundisha wasuka mota kumi na mmoja, Joel akiwa wa mwisho. Ametuachia pia kanuni ya stoo ambayo wageni huishangaa: hakuna kipya kinachotoka kabla kibovu hakijarudi, na kila kibovu kinafungwa kibandiko chenye jina lake na ugonjwa wake. Mwaka wangu wa kwanza nilimpa dereva wetu Geofrey beringi mpya bila kupokea ile ya zamani. Baba Zablon alikuja dirishani mwenyewe. "Anitha binti yangu, kibovu ndicho kinachosema kilichotokea. Hicho kizima kitakueleza nini?" Hakupandisha sauti. Tangu hapo hata balbu iliyoungua naifungia kibandiko.

Mwezi Aprili alikubali kupiga kwenye arusi yetu, Ihumwa. Ukumbi ule pa kunyamaza pako kwenye kona ya jikoni, kwa hiyo alitupa mgongo maharusi, wazazi na meza kuu yote. Shangazi yangu Asnath alininong'oneza, "Huyu mzee tumemkosea nini? Hajapewa chakula?" Halafu, kati ya wimbo wa pili na wa tatu, gitaa likanasa redio na kutangaza mvua za hapa na pale katika kanda ya kati. Sisi watu wa Dodoma tunajua thamani ya tangazo hilo. Ukumbi mzima ulipiga vigelegele na shangazi akanyamaza. Nilicheza nikiwa nimeshika mkono wa Joel na sikumbuki jina la wimbo hata mmoja, lakini sauti ile nyembamba yenye mchanga ndani yake naisikia nikiwa naosha vyombo.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo kamati imenishauri niiruke. Siwezi, kwa sababu mimi ndiye niliyesaini.

Tulipokaa kuchagua zawadi ya kumuaga, wengine walitaja mabati, wengine godoro. Kisha mmoja wetu, sitaki kusema ni mume wangu, akasema: sisi ni mafundi, mzee huyu ametutengenezea vitu miaka yote, na gitaa lake linavuma. Tumtengenezee. Kila mtu alisema ndiyo. Hakuna hata mmoja katika watu tisa aliyesema hapana, na hilo ndilo linalonichanganya hadi ninapoandika. Wote tulilijua gitaa lile. Wote tulilipenda. Nikafungua kabati, nikasaini, nikalitoa, na Baba Zablon akaambiwa kabati lina mchwa linanyunyiziwa dawa.

Joel alifanya kazi siku nane na sijawahi kumwona makini vile. Aliikata koili ya zamani, akasuka mbili mpya kwa kaunta, zinazozunguka kinyume ili mvumo wa moja uufute mvumo wa nyingine. Alifunga kitufe kipya, upande sahihi, na swichi mpya. Gideoni, mpaka rangi wetu, alilipiga msasa lote na kulipulizia bluu tunayopaka pampu. Bati la Haneti peke yake lilibaki, kwa sababu skrubu zake zilikataa kufunguka. Lilipokamilika liling'aa hata tukaogopa kulishika.

Tulimkabidhi Ijumaa ya kwanza ya Juni, baada ya chakula. Alilitazama muda mrefu, akapitisha kiganja pale mbao ilipokuwa imesagika, akakuta rangi. Akalivaa. Akazungusha kitufe hadi sifuri, kama alivyozoea, na pakawa kimya. "Baba, sasa sifuri ni sifuri," Joel alimwambia, na watu wakacheka. Akapandisha hadi tano. Kisha akaanza kuzunguka, polepole, akitafuta.

Hakukuwa na mvumo wa kukatika. Kila upande ulikuwa kimya. Alizunguka mzunguko mzima, akaanza wa pili, na watu wakaacha kucheka, maana alikuwa kama mtu anayetafuta mlango kwenye nyumba yake mwenyewe iliyojengwa upya. Akasimama katikati. "Sasa nisimame wapi?" aliuliza.

"Popote, Baba," Joel alijibu. "Ndiyo uzuri wake."

Alipiga sauti sita au saba. Zilikuwa safi, nene, sawasawa, kama za magitaa ya kwenye matangazo. Akaacha. "Kazi safi," alisema. "Kazi safi sana, Joel." Akalilaza ndani ya sanduku lake na kufunga vifungo vyote viwili.

Jumatatu alikuja dirishani kwangu na sanduku mkononi. Aliniambia nilirudishe kabatini, litabaki karakana pamoja na ovaroli lake, na kwamba siku ya kuagwa tusimpangie muziki. Aliyasema kwa upole, akaniuliza na habari za nyumbani. Afadhali angenigombeza. Jioni ile nilipika mlenda na ugali wa uwele, ambao Joel hajawahi kuuacha, akauacha. Alisema kitu kimoja tu: kwamba hajui alichoharibu, kwa sababu akikikagua chote, hakuna kilichoharibika.

Kesho yake asubuhi nikiwa nahesabu stoo nilikuta kopo la rangi kwenye rafu ya vibovu. Nililifungua. Ndani kulikuwa na kitufe cha feni, kipande cha spoku, sumaku ya koili ya zamani na fundo la waya wa shaba uliokatwakatwa. Joel, kwa kuwa amefundishwa na Baba Zablon, alikuwa amerudisha kila kibovu kabla ya kuchukua kipya, hata kwenye zawadi ya siri. Kila kimoja kilikuwa na kibandiko kwa mwandiko wake. Kwenye fundo la waya aliandika: "Koili ya gitaa. Mbovu."

Tulilibeba kopo hadi kwenye meza ya Baba Zablon, mimi na Joel, tukamwamkia. Alivaa miwani, akamimina vitu mezani, akasoma kibandiko.

"Nani kasema mbovu?"

"Mimi, Baba."

"Ilikuwa na ugonjwa gani?"

"Ilikuwa inavuma."

"Mimi nikilala nakoroma miaka ishirini na nane sasa," alisema Baba Zablon. "Mama Sidonia aniandikie kibandiko?"

Joel hakujua acheke au alie, nami niliyekuwa nyuma yake sikujua pia. Baba Zablon aliigeuzageuza sumaku, akaipuliza vumbi. Waya ule usingeweza kurudi, ukishakatwa umekatwa. Akaiweka sumaku mezani, akamwambia Joel, "Kalete karanga."

Wafanyakazi wengi mnaosoma hapa mlikuwepo siku tatu zile, kwa sababu mlikula karanga zile. Macho ya Baba Zablon hayauoni tena waya mwembamba namna ile, hivyo Joel aliuongoza kwa vidole naye akazungusha mkono wa mashine. Joel alijaribu pia kuyalinda mabakuli. "Kaka Geofrey, hizo ni hesabu," alisema. Geofrey akajibu hesabu hizo zina chumvi nzuri, akachukua nyingine. Meneja wetu, Mama Restuta, alipita akachukua tatu, akaona haya, akarudisha moja kwenye bakuli ambalo silo. Bi Kuluthumu anayetupikia aliona bakuli la kushoto limepungua, akalijaza kwa wema wake wote. Mimi nilikula mbili na mume wangu aliniona. Kila mara Joel alimgeukia mwalimu wake kwa wasiwasi, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: "Waache. Endelea."

Alhamisi koili ilikwisha na Baba Zablon akaandika kikaratasi kipya: "Mizunguko 5,000 au 11,000. Wamepita wote." Koili mbili za Joel zilitolewa, hiyo ikawekwa, na kitufe cha feni kilirudi mahali pake, kinyume kama zamani, na spoku pia. Ijumaa mchana aliwasha.

Lilivuma. Lilivuma kuliko mwanzo, na Bi Kuluthumu akatoka jikoni akidhani pampu imewaka. Baba Zablon akaanza kuzunguka. Zamani, katika uwanja wetu, pa kunyamaza palielekea getini. Alifika hapo na mvumo ukaendelea. Akapita. Joel alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu, mbele ya watu, jambo ambalo hafanyi. Baba Zablon alipita matangi, akapita gari, na alipoelekea ukuta wa stoo yangu, mvumo ukakatika. Alisimama. Mgongo wake wote ulikuwa kwetu na hatukumwona uso. Akapiga wimbo mzima, na mwingine, na wa tatu, mmojawapo wa zile alizopiga Ihumwa.

Je, ni sauti ile ile? Nimeuliza ili niandike ukweli. Geofrey anaapa ni ile ile. Bi Kuluthumu anasema ni nyingine kabisa, na sasa linanasa redio ya mahubiri. Joel anasema ukilipima si ile, halafu anasema ni ile. Nilimuuliza Baba Zablon mwenyewe. "Sijui, binti yangu. Kama ndugu yake hivi. Nitalizoea." Aliondoka nalo siku hiyo hiyo, akiwa amelishika kwapani bila sanduku, na sanduku nililipeleka kwake kesho yake.

Gideoni alijitolea kuitoa ile bluu na kutafuta nyekundu ya zamani. Baba Zablon alikataa. Alisema linafanana na pampu ya Haneti, na Mama Sidonia ameipenda. Kuhusu pale mbao ilipokuwa inaonekana, alituonyesha mkono wake wa kulia. "Huu wenyewe utaimaliza rangi," alisema. "Miaka kumi hivi."

Wageni wetu waalikwa, tarehe 30 Juni, baada ya hotuba ya mgeni rasmi, Mzee Zablon Ndahani atapiga gitaa lake uwanjani. Atazunguka kwanza; msidhani amepotea. Kisha atawapa mgongo, mgeni rasmi na meneja na sisi sote aliotulea. Tunaomba asiwepo wa kuuliza tumemkosea nini. Kati ya pale atakaposimama na ukuta wa stoo kuna nafasi ya kiti kimoja, nimeipima mwenyewe, na kiti hicho kimewekwa kwa ajili ya Mama Sidonia. Yeye peke yake ndiye atakayemwona uso.

Baba Zablon, kwa niaba ya karakana nzima, asante kwa mota ulizozirudishia uhai, kwa maji ya Haneti, kwa wanafunzi kumi na mmoja na kwa kutuvumilia sisi tuliokutengenezea kisichokuwa na ubovu. Kikaratasi cha 1994 nitaendelea kukitunza. Hicho kipya ni chako. Nenda salama nyumbani kwako na Mama, na Mungu akujalie afya na miaka mingi ya kutosha kuimaliza rangi hiyo, mpaka mbao ionekane tena.

Anitha Joel, Mtunza Stoo